Hazina ni baraza tu: mwongozo wa kuitembea Petra kwa siku mbili

Mara ya kwanza nilipokwenda Petra, mji wa kale uliochongwa mwambani kusini mwa Yordani, nilirudi bila kuuona mji. Dereva aliyetuchukua Amman alitupa saa nne, geti hadi geti. Ya kwanza ikaishia kwenye foleni ya tiketi na njia ya kushukia, ya pili kwenye kulishangaa korongo, ya tatu kwenye picha mbele ya Hazina, lile jengo maarufu lililochongwa jabalini, ya nne kwenye kupanda kurudi garini huku nikihema. Nyumbani niliwaambia watu nimefika Petra. Miaka miwili baadaye nilikwenda tena, siku mbili, bila kundi, ndipo nikajua kwamba ile Hazina inayotundikwa kwenye kalenda ni baraza. Nyumba iko mbele yake, na wengi wetu huondoka hatujabisha hodi.

Wenye nyumba walikuwa Wanabatea, Waarabu wa jangwani waliotajirika kwa ubani na manemane. Ubani huu ni uleule tunaofukiza kwenye harusi na maulidi: utomvu wa miti ya kusini mwa Arabuni na Pembe ya Afrika. Ngamia waliubeba hadi bandari ya Gaza. Mwandishi Mrumi Pliny alihesabu vituo 65 vya ngamia njiani, na kila mahali palikuwa na mtu wa kulipwa: wa maji, wa majani, wa malazi, wa ushuru. Msafara ukifika baharini, kila ngamia alikuwa ameshagharimu dinari 688 za Kirumi. Wanabatea walikuwa upande wa kupokea. Mji wao ukajengwa kwa fedha hizo, katika bonde lililozungukwa na majabali, mahali ambapo mgeni asiyejua njia angepita kando asijue kuna watu.

Saa nitakazotaja humu ni saa zetu za Kiswahili. Bei ni za mgeni asiye raia wala mkazi wa Yordani. Zihakiki kabla ya kulipa, maana ada za serikali hubadilika.

1. Anza na pasipoti, si tiketi ya ndege

Yordani inazigawa pasipoti mafungu mawili: wanaopewa viza wakifika, na wanaotakiwa kupata kibali kabla ya kusafiri. Usimuulize rafiki aliyekwenda mwaka juzi. Uliza ubalozi, kisha uliza shirika la ndege, kwa sababu wao ndio watakaokuzuia kwenye kaunta ukiwa na mabegi yako. Ndugu zetu wanaofanya kazi Dubai, Doha au Maskati waulize vilevile kama kibali chao cha ukaazi kinawapunguzia usumbufu.

Ukishajua uko fungu gani, fanya hesabu ya tiketi. Petra peke yake ni dinari 50 kwa siku moja, 55 kwa siku mbili, 60 kwa siku tatu, kwa mgeni anayelala nchini. Anayeingia Yordani asubuhi na kutoka jioni bila kulala hutozwa 90. Dinari moja ya Yordani ni kama dola 1.41, kwa hiyo usiidharau. Watoto walio chini ya miaka 12 hawalipi.

Halafu kuna Jordan Pass, tiketi ya pamoja inayonunuliwa kwenye intaneti kabla ya safari. Ni dinari 70, 75 au 80 kulingana na siku za Petra unazotaka, na ndani yake mna pia magofu ya Jerash, ngome ya kale ya Amman na mahali pengine pengi. Faida yake kubwa ni kwamba inakusamehe ada ya viza, dinari 40, mradi ulale nchini angalau usiku tatu mfululizo. Piga hesabu ya siku mbili: 55 na 40 ni 95, dhidi ya 75. Lakini elewa vizuri kwamba pasi hii inasamehe ada, haitoi kibali. Mwenye kuhitaji kibali akatafute kibali kwanza.

Tena tazama ile tofauti ya siku moja na siku mbili. Dinari 5! Siku nzima ndani ya Petra kwa bei ya sahani ya maharage na chai. Chukua mbili.

2. Chagua majira

Machi hadi Mei, au Septemba hadi Novemba. Kiangazi cha huko, Juni hadi Agosti, joto hupita nyuzi 35 na mawe hulirudisha usoni kwako. Desemba hadi Februari watu ni wachache na hoteli hushusha bei, lakini Wadi Musa, mji ulioko getini mwa Petra, iko juu, kama mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na miaka mingine theluji huanguka. Mtu wa Mombasa au Tanga aliyezoea kuita nyuzi 22 baridi, na ajiandae.

Kuna jambo la mvua, nalo nitalieleza tukifika korongoni, kwa sababu si la kupita juujuu.

Ramadhani si kikwazo. Saa za kufungua na kufunga zinaweza kusogea, na mjini vyakula vya mchana hupungua. Baada ya futari mitaa huchangamka kuliko siku za kawaida.

3. Fika Wadi Musa jioni iliyotangulia

Uwanja mkubwa wa ndege ni Queen Alia, kusini mwa Amman. Kutoka Ghuba ndege hufika moja kwa moja; kutoka Nairobi au Dar es Salaam utabadilisha mahali. Amman hadi Petra ni kama kilomita 230, mwendo wa saa tatu hivi kwa Barabara ya Jangwani. Barabara ya Wafalme ni ndefu na ina kona, ila inapendeza ukiwa na gari lako na siku ya kupoteza. Kutoka Aqaba, kwenye Bahari ya Shamu, ni kama saa mbili.

Basi la kampuni ya JETT huondoka Amman alfajiri na kurudi alasiri. Ni zuri kwa kufikia, ila ukilitumia kwenda na kurudi siku hiyohiyo, umejinunulia safari yangu ya kwanza. Saa za Yordani ni sawa na za Afrika Mashariki mwaka mzima, tangu walipoacha kuzibadilisha mwaka 2022, kwa hiyo hakuna cha kurekebisha kwenye simu. Cha kurekebisha ni kichwa: basi la 6:30 ni la saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Namjua Mswahili mmoja mtu mzima aliyefika kituoni saa sita na nusu mchana, na jina lake simtaji kwa sababu ndilo lililoko kwenye tiketi yangu.

Mji wenyewe wa leo, Wadi Musa, maana yake ni Bonde la Musa. Juu mjini kuna chemchemi inayoitwa Ain Musa, ambayo wenyeji husema ndipo Nabii Musa alipoupiga mwamba. Lala karibu na geti ukiweza. Mji umepanda kilima, na hoteli ya bei nafuu iliyoko juu itakugharimu teksi kila siku.

4. Begi

Viatu vilivyokwisha kuzoea mguu, vyenye soli inayoshika. Mawe ya Petra yamelambwa na nyayo hadi yanateleza. Ndala ziache hotelini. Maji lita mbili kwa kila mtu, tatu wakati wa joto. Ndani yapo, ila bei yake hupanda kadiri unavyokwenda mbali na geti, na huwezi kumlaumu aliyeyabeba kwa punda. Tende, karanga, mkate. Noti ndogondogo. Kanga au leso moja, hata kama wewe ni mwanamume na itabidi uiite kikoi: ni kivuli, ni kinga ya vumbi, ni mkeka wa kukalia na kuswalia.

5. Siku ya kwanza, saa kumi na mbili asubuhi: shuka na maji

Geti hufunguliwa saa kumi na mbili. Uwepo. Makundi ya mabasi huanza kumiminika kuanzia saa tatu, na tofauti ya Petra ya kabla na ya baada ya muda huo ni tofauti ya msikiti wakati wa alfajiri na sokoni siku ya mnada.

Kutoka getini hadi mdomo wa korongo ni mteremko wa karibu kilomita moja. Utaambiwa farasi ni bure, yumo kwenye tiketi yako. Ni kweli yumo, lakini anayemwongoza atatarajia bakshishi, na mkikosa kuelewana kabla ya kupanda mtaelewana vibaya baada ya kushuka. Tembea tu. Njiani kuna mawe makubwa ya mraba ambayo wenyeji huyaita ya majini, na kaburi lenye nguzo nne zilizochongoka juu. Ni Wanabatea wale, wanaanza kukusalimu.

Sasa korongo, Siq. Lina urefu wa kilomita 1.2, na mahali penye wembamba ni kama mita 3 tu kutoka ukuta hadi ukuta. Kila mtu huingia humu akitazama juu. Fanya hivyo kwa dakika tano, kisha tazama chini, usawa wa kiuno. Ukutani utaona mfereji uliochongwa mwambani, unaokufuata kona kwa kona. Upande wa pili kuna alama za mahali yalipolazwa mabomba ya udongo wa kufinyanga, na vipande vyake vingine bado vipo. Hayo ndiyo maji ya Ain Musa yaliyokuwa yakiingia mjini. Mteremko wake ni mpole, maji yasikimbie hata kupasua mabomba wala yasisimame hata kuota mwani. Watu hawa hawakuwa na mto. Walikuwa na chemchemi chache na mvua ya siku chache kwa mwaka, na kutokana na hayo wakalisha mji wa maelfu ya watu na mifugo ya misafara. Mgiriki Diodorus aliandika kwamba hata zamani za kuhamahama Wanabatea walichimba mabirika ya chini ya ardhi jangwani, yenye mdomo mwembamba, na kuyaficha kwa alama wanazozijua wao tu. Adui akiwafuata alikufa kiu juu ya maji.

Sisi wa pwani hatuhitaji kuelezwa birika ni nini. Aliyeona la msikiti wa Gede au la Kilwa, akiingia Petra na swali hilohilo, yaani maji yao walikuwa wakiyaweka wapi, ataona mji ambao mwenye kamera tu hauoni.

Maji hayohayo huua. Kabla tu ya kuingia Siq, kulia kwako, kuna bwawa la kuzuia mafuriko na tundu lililotobolewa mlimani, la karibu mita 88, la kuyapitisha pembeni. Wanabatea ndio waliolibuni. Karne zikapita, likaziba, likasahaulika. Mwaka 1963 mafuriko yaliingia korongoni na kuua watalii zaidi ya 20 wa Kifaransa. Bwawa la sasa lilijengwa baada ya hapo, mahali palepale pa la kale. Novemba 2018 mafuriko mengine yalifanya karibu watalii 4,000 waondolewe Petra kwa haraka. Kwa hiyo kuanzia Oktoba hadi Aprili, uliza hali ya hewa getini kila asubuhi. Mvua si lazima inyeshe ulipo wewe. Ikinyesha milimani juu, inatosha. Wakisema korongo limefungwa, usimtafute kijana wa kukupitisha. Na ukiwa ndani ukasikia watu wanapiga kelele za kukimbia, panda juu, usikimbilie getini kwa njia ya Siq.

Baada ya zaidi ya nusu ya korongo, upande wa kushoto, tafuta mtu na ngamia wake waliochongwa ukutani wakubwa kuliko kimo. Sehemu za juu zimeliwa na upepo. Miguu ya ngamia bado ipo, na ya mwongozaji wake, na vazi lake likimfika magotini. Wengi hupita hapa mbio kwa sababu wamesikia Hazina iko karibu.

6. Hazina: dakika ishirini

Mwanya utafunguka na utaiona, Khazneh, karibu mita 40 kwenda juu, imechongwa kwenye jabali lenye rangi ya hina iliyokolea. Waliichonga kuanzia juu kushuka chini. Tazama vile vishimo vya safu mbili pembeni, ndivyo walivyokanyagia. Chombo kilichoko kileleni kina makovu ya risasi: Mabedui waliamini ndani yake kuna mali ya Firauni, wakakipiga ili kimwage. Ni jiwe gumu mpaka ndani. Jengo lenyewe ni la wafu. Mwaka 2024 wachimbaji walipata chini ya uwanja wake kaburi lenye mifupa ya watu 12.

Jua huigusa sura yake baina ya saa tatu na saa tano asubuhi. Ukifika saa moja utaikuta kivulini na tupu, na mimi napenda hivyo. Utakutana nayo tena mara tatu kabla ya kuondoka, maana njia ya kutokea ni hiihii. Piga picha zako, kunywa chai ukitaka, endelea.

Vijana watakufuata wakikuahidi mahali pa juu pa kupigia picha, panda hapa dakika tano tu. Vijia hivyo vya karibu na Hazina vimekatazwa, na watu wameshaanguka. Kesho nitakupeleka juu kwa njia halali.

7. Mjini

Kona moja baada ya Hazina bonde linapanuka, na hapo ndipo safari yangu ya kwanza iliposhindwa kufika. Kushoto kuna ukumbi wa maonyesho wa kukaa maelfu ya watu, umechongwa mwambani karibu wote. Walipoupanua nyuma walikata makaburi ya wazee wao, na matundu yake bado yanakutazama. Kulia juu, ukutani, yamejipanga makaburi ya kifalme. Yaache kwa alasiri ya leo au kesho: jua likishuka magharibi ndipo mistari ya mwamba, nyekundu, njano, zambarau, inapowaka. La kwanza kati yake, lile la Chombo, liligeuzwa kanisa karne ya 5 BK.

Mbele ni barabara ya nguzo. Mwaka 106 BK Warumi waliuchukua ufalme, na mji ukaendelea na biashara kwa muda, lakini bidhaa nyingi zilikuwa zikihamia merikebuni, kupitia Bahari ya Shamu, na misafara mingine ikapita kaskazini, kwenye mji wa Palmyra. Mtetemeko wa mwaka 363 ukabomoa sehemu kubwa. Kushoto mwa barabara hii, karibu na Hekalu Kuu, palikuwa na bustani yenye bwawa la kuogelea, mita 43 kwa 23, na kisiwa katikati. Leo ni uwanja wa vumbi ambao mtu hupita hata asigeuze shingo. Simama hapo kidogo. Hakuna njia kubwa zaidi ya kujigamba jangwani kuliko kumwonyesha mgeni aliyetembea na ngamia miezi miwili maji ya kuogelea.

Upande wa pili, juu kidogo, lipo kanisa la Kibizanti lenye sakafu za mozaiki za wanyama na samaki, limefunikwa paa. Humo mwaka 1993 zilipatikana karatasi za mafunjo zilizoungua, kama 140, zikiwa na mirathi, kodi na mikataba ya watu wa Petra wa karne ya 6. Mwisho wa barabara ni Qasr al-Bint, jengo adimu la Petra lililojengwa kwa mawe badala ya kuchongwa, na bado limesimama. Kuna mbao zilizolazwa ndani ya kuta kati ya mistari ya mawe; husemwa ndizo zilizolisaidia kuvumilia mitetemeko.

Hapa kuna migahawa na vyoo. Tumia vyote viwili.

Ukikaa, tazama kusini magharibi, utaona kilele chenye kuba jeupe. Ni Jabali Harun, panaposemekana kazikwa Nabii Haruni. Mwaka 1812 Mswisi Johann Ludwig Burckhardt, amevaa kanzu na kujiita Sheikh Ibrahim, alisikia habari za magofu bondeni na akajua wenyeji hawatamruhusu kuyapeleleza. Akadai ameweka nadhiri ya kumchinjia Nabii Haruni mbuzi. Nani atamzuia mtu na nadhiri yake? Akapitishwa katikati ya mji, huku akitazama kwa pembe ya jicho. Ulaya ikasema Petra imegunduliwa. Mabedui wa kabila la Bdul, waliokuwa wakilala kwenye mapango haya, hawakuwa wamepotewa na kitu. Mwaka 1985, mwaka ambao UNESCO iliiorodhesha Petra, wengi wao walihamishiwa kijiji cha Umm Sayhoun, pale mlimani unapokiona, na wauza chai na wenye punda wengi unaokutana nao ni watoto na wajukuu wa hao.

8. Deir: vidato 800

Kutoka migahawani njia inapanda kwenda Deir, yaani Monasteri, jengo jingine lililochongwa jabalini, kama vidato 800 na zaidi, dakika 45 hadi saa nzima. Panda baada ya saa nane mchana: njia ina kivuli zaidi, na jua la alasiri ndilo linaloipiga Deir usoni. Ni kubwa kuliko Hazina, upana wake karibu mita 47, haina madoido mengi, na mbele yake kuna uwanja mpana na kibanda cha chai chenye mabenchi. Kaa. Wengi wanaofika juu hapa wamechoka kiasi kwamba hawapigi kelele.

Kwenda na kurudi kutoka getini ni zaidi ya kilomita 10, na sehemu ya mwisho yote, Siq hadi getini, ni kupanda. Anza kurudi mapema. Majira ya baridi geti hufungwa mapema zaidi, kwa hiyo uliza saa ya kufunga asubuhi ukiingia, si jioni ukiwa juu mlimani. Magoti yakigoma, kuna magari madogo ya umeme kati ya Hazina na geti, kwa ada ya pembeni.

Punda na nyumbu wa kupanda vidato: mimi sipandi. Mawe yanateleza, wanyama wamechoka, na mtu mwenye kilo 90 juu ya mgongo wa punda kwenye ngazi nyembamba ni hatari kwa wote watatu, punda, mpandaji na wewe unayeshuka. Asiyeweza kupanda Deir asijione amekosa. Mji wote wa chini uko tambarare.

9. Siku ya pili: juu

Asubuhi chagua moja, au mbili kama una miguu ya bodaboda isiyopumzika.

Ya kwanza ni Mahali pa Juu pa Kafara. Vidato vyake vinaanzia kati ya Hazina na ukumbi wa maonyesho, kushoto, na kibao kipo. Dakika 40 hivi. Juu kuna nguzo mbili za mwamba za zaidi ya mita 6. Hazikusimamishwa, ila mlima wote uliozizunguka ulikatwa ukashushwa. Kisha madhabahu yenye mfereji wa damu. Usirudi ulikotoka. Shuka upande wa pili, Wadi Farasa, ambako kuna simba aliyechongwa ukutani aliyekuwa akitoa maji mdomoni, tena kutoka kwenye mfereji ulioteremka nao. Mfuate simba utafika kwenye makaburi yenye bustani na ukumbi ambao rangi za mwamba wake zinashinda zulia lolote. Njia hii ina watu wachache sana. Usiitembee peke yako jioni.

Ya pili ni Khubtha. Vidato vinaanzia baada ya makaburi ya kifalme, na mwisho wake ni hema la chai linaloitazama Hazina kutoka juu. Ndiyo ile picha. Kiingilio ni kununua chai.

10. Kununua na kukataa

Hapa Mswahili ana akiba asiyoijua. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, arobaini, hamsini, mia, elfu, nusu, robo: zote zinaeleweka huko kwa tofauti ndogo ya matamshi. Mwenye duka akimnong'oneza mwenzake bei ya kweli, utaisikia. Jifunze tu zilizobaki, wahid, ithnain, thalatha, arba'a, khamsa, thamanya, ashara. Kukataa ni "la, shukran", mara moja, kwa tabasamu, bila kusimama. Ukisimama umeanza mazungumzo.

Sarafu na vigae "vya kale" usinunue. Vikiwa bandia umeibiwa; vikiwa vya kweli, kuvitoa nchini ni kosa. Chupa za mchanga wa rangi ni kazi ya mikono na zinavutia kuziangalia zikitengenezwa. Mtoto akikuuzia kadi wakati wa shule, usimnunulie.

Ubani nao unauzwa kwenye vibanda vingi. Mwambie auweke punje moja kwenye kaa la moto kabla hujauliza bei. Pua yako imelelewa nao, haitadanganywa.

11. Ikibaki alasiri

Nenda Petra Ndogo, kama kilomita 9 kutoka Wadi Musa, teksi isubiri. Haina kiingilio. Ni korongo fupi lenye vyumba vya kulia vilivyochongwa mwambani, vinavyodhaniwa vilikuwa vya kuwapokea wafanyabiashara wa misafara, na mabirika makubwa ya maji. Panda ngazi upande wa kushoto hadi chumba chenye dari iliyochorwa mizabibu, ndege na watoto wenye mabawa. Ni kati ya michoro michache sana ya Wanabatea iliyobaki. Masizi ya mioto ya karne nyingi yalikuwa yameifunika hadi mafundi walipoisafisha. Zima taa ya kamera. Macho yakishazoea giza, utaanza kuwaona ndege.